Betri ya Droni Isilale Imejaa

Wenye droni wengi huihofia ikiwa angani: isije ikagonga mti, isije ikaangukia watu. Sisi tunaofundisha usalama wa moto tunaihofia zaidi ikiwa imefungiwa kabatini, mwenyewe yuko kazini na chaja ameiacha imechomekwa ukutani. Kinachotutia wasiwasi ni betri. Kamera au rimoti ikiwekwa vibaya itaharibika na hasara itaishia hapo. Betri ikiwekwa vibaya inaweza kuteketeza nyumba na waliomo.

Droni nyingi hutumia betri za lithiamu-polima au lithiamu-ayoni. Betri huundwa na seli, yaani vipande vidogo vya betri vilivyounganishwa, na ndani ya kila seli kuna matabaka yanayotunza chaji, yametenganishwa na utando mwembamba wa plastiki, na yote yamelowa kimiminika kinachoshika moto kwa urahisi. Utando huo ukitoboka au ukiyeyuka, matabaka hugusana na shoti hutokea humo humo ndani. Joto hupanda, nalo huzaa joto zaidi, mpaka seli inafumuka moshi na moto na kuambukiza seli ya pembeni. Hakuna aliyewasha kiberiti, na moshi wenyewe una gesi za sumu.

Kosa tunalokutana nalo sana ni kuhifadhi betri ikiwa imejaa. Mtu anachaji usiku akitarajia kurusha droni kesho yake, mvua inanyesha, betri inarudishwa begini na kusahaulika mwezi mzima. Seli ya kawaida ya lithiamu-polima ikijaa huwa na volti 4.2. Ikikaa hivyo, hasa penye joto, kemikali zake huvunjika taratibu na kutoa gesi. Ndiyo sababu betri huvimba. Kuimaliza kabisa nako si dawa. Chini ya volti 3.0 seli huanza kudhurika, na ikizidi kushuka, shaba iliyomo huyeyukia kwenye kimiminika. Ukija kuichaji tena, shaba hiyo huganda pasipotakiwa na kuleta shoti.

Kiwango kinachofaa kuhifadhia ni volti 3.8 hadi 3.85 kwa kila seli, yaani karibu nusu ya chaji. Betri ya seli 4 basi isomeke kati ya volti 15.2 na 15.4. Chaja nyingi za betri hizi zina sehemu ya kuchagua chaji ya kuhifadhi. Ukiichagua, chaja huongeza au hupunguza yenyewe mpaka ifike hapo. Betri zenye saketi ya kujisimamia hujipunguza zenyewe zikikaa siku kadhaa bila kutumika. Soma mwongozo wa yako, kwa sababu idadi ya siku hutofautiana. Zikiwa katika kazi hiyo huwa na uvuguvugu kidogo, kwa hiyo usizifungie ndani ya nguo.

Mahali pa kuziweka pawe pakavu, na joto la nyuzi 15 hadi 25 za Selsiasi linazifaa. Ndani ya gari lililoegeshwa juani hapafai kabisa. Wala usiziweke chini ya kitanda, chini ya ngazi au kwenye ukumbi unaoelekea mlangoni: moto ukianzia hapo, njia yenu ya kutokea imefungwa. Sanduku la chuma lililowekwa juu ya sakafu ya saruji au vigae ni zuri, mradi mfuniko wake usibane kabisa. Gesi ikikosa pa kutokea, sanduku lenyewe hupasuka. Mifuko maalumu ya kuzuia moto hupunguza miali lakini moshi hupita, kwa hiyo isikupe ujasiri wa kuchaji ukiwa umelala. Funika ncha za kila betri, na usiichanganye na funguo, sarafu au skrubu. Kipande kimoja cha chuma kikigusa ncha zote mbili kinatosha kuleta shoti.

Kila unapoitoa, ilaze juu ya meza iliyonyooka. Betri nzima hutulia. Iliyovimba hunesanesa na ganda lake huwa limekaza. Ikiwa imepasuka unaweza kusikia harufu tamu kama ya rangi ya kucha. Hapo usiichaji, usiiminye, na usijaribu kuitoboa ili hewa itoke, ingawa wapo wanaofundishana hivyo. Itie kwenye chombo cha chuma chenye mchanga mkavu, iweke nje mbali na ukuta, kisha uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Kwenye pipa la nyumbani itakuja kubanwa na gari la taka na kuwaka huko, na anayeumia ni mzoa taka.

Ikiwaka ndani, toa watu, funga mlango nyuma yenu na piga simu zimamoto. Kizimia moto cha unga hushusha miali lakini hakipozi betri, ndiyo maana huweza kuwaka tena baada ya kuonekana imezimika.

Vifaa vingine havina maneno mengi. Vua propela kabla ya kuhifadhi, zisikandamizwe, na pitisha ukucha kwenye kingo zake kutafuta nyufa. Rudishia kifuniko cha kamera. Tia vile vipakiti vya kunyonya unyevu ndani ya begi, maana unyevu huotesha ukungu kwenye lenzi. Weka droni mbali na spika kubwa, kwa kuwa sumaku zake huvuruga dira. Rimoti nayo ina betri ya lithiamu ambayo wengi huisahau. Iangalie walau kila miezi 3. Kama kuna watoto, kabati liwe na ufunguo, na betri isichomekwe kwenye droni ndani ya nyumba propela zikiwa zimefungwa.

Siku ya kuhifadhi, bandika kipande cha utepe kwenye kila betri na uandike tarehe na volti. Mwezi ukipita, pima tena seli moja moja. Seli iliyoshuka huku wenzake wako palepale inakuonyesha kwamba betri hiyo muda wake wa kuruka umekwisha, hata kama kwa nje bado inaonekana mpya.