Chunusi za ukubwani si uchafu

Hapa Lamu, mwanamke wa miaka 30 akitokwa na chunusi kidevuni huambiwa hanawi uso vizuri, au ana damu chafu. Basi ashike sabuni ya mche na dodoki, asugue mpaka ngozi iwake. Kesho yake chunusi zimezidi, na shangazi anasema hakusugua vya kutosha!

Chunusi huanzia ndani ya kinyweleo. Homoni huzisukuma tezi kutoa mafuta mengi, seli zilizokufa huziba tundu, bakteria wa kawaida wa ngozi huzaliana humo, kisha uvimbe. Hata ile nukta nyeusi si vumbi la mtaa wetu wa Langoni. Ni mafuta na melanini, rangi ya asili ya ngozi, vilivyokutana na hewa. Na kwa sababu ya homoni, wengi hupata chunusi siku chache kabla ya hedhi, kwenye taya na kidevu, hata wawe wasafi namna gani.

Kunawa mara mbili kwa siku kwa sabuni laini kwatosha. Mafuta ya nazi, nasema kwa uchungu, yabaki kwenye nywele: usoni huziba vinyweleo. Krimu za kung'arisha zenye steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) huleta chunusi zake zenyewe.

Duka la dawa ulizia dawa ya kupaka: benzoili peroksaidi ya 2.5%, inayoua bakteria (itachujua rangi ya foronya na leso yako) au adapalini, inayozuia vinyweleo kuziba, ambayo mjamzito haitumii. Vumilia wiki 8 hadi 12. Hedhi ikipotea-potea na ndevu zikichomoza, muone daktari akuangalie homoni.