Hali ya hatari, sheria ya kijeshi na deni la dagaa

"Mwakeye, mwanasheria," alisalimia mama mmoja huku akivuta kiti cha plastiki. Meza yetu ya msaada wa kisheria huwa tunaiweka karibu na mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, na siku hiyo upepo wa ziwa ulikuwa unapeperusha fomu zetu. Mama hakuwa na karatasi hata moja, alikuwa na simu tu. Akabonyeza ujumbe wa sauti ili nisikie. Mteja wake, aliyechukua magunia ya dagaa kwa mkopo kisha akahamia Butembo, Kongo, alikuwa anacheka: "Mama, huku tuko kwenye état de siège, hali ya kuzingirwa. Mahakama ni za wanajeshi. Utakuja kunishitaki kwa kanali?"

Akazima simu. "Sasa mwanangu, deni langu ndiyo limekwenda na maji?"

Jibu lake nitalitoa, lakini litapita mbali kidogo, kwa sababu mteja yule amechanganya mambo ambayo karibu kila anayekuja mezani kwetu huyachanganya.

Kuna sheria za jeshi zinazomhusu askari mwenyewe. Mwanajeshi anayetoroka kambini anashughulikiwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura ya 192, na muuza dagaa haimhusu. Halafu kuna raia kutawaliwa kijeshi: mwanajeshi anakalia kiti cha mtawala wa kiraia kwa amri ya kijeshi, na raia aliyeshitakiwa kwa wizi anahukumiwa na mahakama ya wanajeshi. Hiyo ndiyo sheria ya kijeshi inayosemwa kwenye habari za dunia. (Najua mtaniambia Kigoma imewahi kuongozwa na brigedia jenerali. Ni kweli, lakini aliteuliwa kuwa mkuu wa mkoa, kazi ya kiraia kwa sheria za kiraia. Ofisi yake haikugeuka kambi.)

Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 32, inazungumzia kitu kingine: hali ya hatari. Rais anaweza kuitangaza kwa nchi nzima au kwa sehemu yake tu. Sababu zimetajwa, na vita ni mojawapo: nyingine ni nchi kukaribia kuvamiwa, amani ya jamii kuvurugika, hata balaa la kimazingira. Serikali inabaki ya kiraia, ila inapata nguvu zaidi ya zile za siku zote.

Nguvu hizo zimefungiwa saa. Nakala ya tangazo inakwenda kwa Spika, naye anatakiwa kuitisha Bunge katika muda usiozidi siku 14. Bunge lisipopitisha azimio la kuliunga mkono ndani ya siku hizo, tangazo linakufa lenyewe. Likipitishwa, linaishi miezi 6, na kuliongeza kunahitaji Bunge tena. Kura inayotakiwa ni theluthi mbili ya wabunge wote, hata wale waliobaki nyumbani, si theluthi mbili ya waliohudhuria. Kwa kura za kiasi hicho hicho, Bunge linaweza kulifuta tangazo wakati wowote. Sitawadanganya: theluthi mbili ni kizuizi pale tu ambapo wabunge hawatoki karibu wote upande mmoja.

Je, haki zako zinakwenda wapi katika siku hizo? Hapa ndipo uvumi unapozidi ukweli. Ibara ya 31 inaruhusu Bunge kutunga sheria za kuchukua hatua zinazogusa ibara mbili: ya 14, haki ya kuishi, na ya 15, uhuru wa mtu binafsi. Kwa lugha ya mwaloni, unaweza kukamatwa na kushikiliwa kwa namna ambayo siku za kawaida isingekubalika. Lakini Ibara hiyo hiyo inasema hatua zisivuke kiasi kilicho cha lazima kwa hali iliyopo, na kwamba hairuhusu mtu kunyimwa haki ya kuishi isipokuwa kwa kifo kilichotokana na vitendo vya kivita. Risasi kwa mtu aliyechelewa kurudi kutoka kuvua haipati kibali hapo. Katazo la kutesa watu, lililo katika Ibara ya 13, halimo katika yale mawili yanayoweza kuguswa. Na Ibara ya 30 inakupa mlango wa Mahakama Kuu. Wazee wanakumbuka tulivyokuwa tunapanda treni kwenda Tabora kuifuata. Siku hizi iko hapa hapa Kigoma.

Amri ya kutotoka nje nayo si hali ya hatari. Siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025, Jeshi la Polisi lilipotangaza amri hiyo Dar es Salaam na intaneti ikakatika nchini, watu walitufuata wakiuliza kama jeshi limeshika nchi. Swali halikuwa la kijinga. Mtu anayemwona mwanajeshi barabarani na simu yake haifanyi kazi hana namna ya kujua amri imetoka kwa nani, inahusu eneo gani na inaisha lini. Maoni yangu ni kwamba kumwacha raia bila majibu hayo matatu ni kosa, hata kama amri yenyewe ina sababu.

Tangazo likibanwa na saa tunaweza kuliona Korea Kusini. Usiku wa Desemba 3, 2024, Rais Yoon Suk Yeol alitangaza sheria ya kijeshi. Shughuli za kisiasa zikapigwa marufuku na vyombo vya habari vikawekwa chini ya jeshi. Wabunge wakakimbilia bungeni, wengine wakaruka ukuta huku askari wakiwa tayari wamefika. Wabunge 190 kati ya 300 walipiga kura, wote wakataka amri ifutwe, na kabla hakujapambazuka ilikuwa imefutwa. Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ilimwondoa Yoon madarakani.

Sasa tuvuke ziwa. Rais Félix Tshisekedi wa Kongo aliweka état de siège, ambayo redio za Kiswahili huiita hali ya kuzingirwa, kuanzia Mei 6, 2021, katika majimbo mawili: Ituri na Kivu Kaskazini. Magavana wa kiraia wakaondoka, wakaingia majenerali. Kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Mwanzo zilikuwa siku 30. Kisha bunge la Kinshasa likawa linaongeza siku 15, na 15 nyingine, mpaka miaka ikapita. Usalama ulioahidiwa haukufika: Januari 2025 Goma, makao makuu ya Kivu Kaskazini, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Saa yao ilikuwepo kwenye sheria, ila kila ilipokaribia kugonga ilirudishwa nyuma.

Wakimbizi wengi wa kambi ya Nyarugusu wanatoka Fizi na Uvira, za jimbo la Kivu Kusini, na wanatuuliza kama ndugu zao wako chini ya amri hiyo. Kivu Kusini haikutajwa katika tangazo la 2021, kwa hiyo hapana.

Butembo imo, maana ni Kivu Kaskazini. Kwa hilo mteja wa mama alisema kweli. Asichosema ni kwamba kilichohamia kwa wanajeshi ni jinai. Deni la dagaa ni madai, na madai yalibaki kwa mahakimu wa kiraia.

Nilimweleza mama hivyo, uso ukamkunjuka. Kisha nikaongeza kwamba Katiba ya Kongo, Ibara ya 61, inakataza mtu kufungwa kwa sababu ya deni, hata état de siège ikiwepo. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Tanzania imo tangu 1976, nao unasema hivyo hivyo.

"Kwa hiyo kanali hawezi kumfunga?"

"Hawezi, mama."

Akanyamaza, nikaona nimemharibia siku kuliko mteja wake. Nilipomuuliza kama yule mtu aliwahi kuweka sahihi popote, alisema lipo daftari, amelifungia kwenye ndoo ya mawese isilowe. Akaondoka kwenda kulichukua.