Nani anaongoza kundi la dagaa?

Wavuvi wa Igombe na Mwaloni Kirumba, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, wakishajua kwamba kazi yangu ni tabia za samaki, huniuliza: kundi la dagaa lina kiongozi? Usiku wa giza huona wachache wakitangulia kwenye mwanga wa taa, kisha wengine wakamiminika. Wa mbele wapo, ndiyo. Wa kutoa amri hayupo, na jinsi kundi linavyoamua bila yeye ndiyo sehemu ya fani hii ninayoipenda kuliko zote.

Tuanze na samaki mmoja mmoja. Chukua furu, samaki wadogo wa ziwani, wawili wa ukubwa mmoja, kila mmoja kwenye tangi lake la kioo lenye jiwe la kujificha. Gonga kioo, wote watakimbilia nyuma ya jiwe. Mmoja atachungulia, atatoa pua, atarudi, na baada ya muda mfupi yuko nje anadonoa mchanga. Mwenzake bado kajibanza. Rudia kesho, rudia wiki ijayo: mara nyingi atakayetangulia ni yule yule. Tofauti hiyo inayodumu ndiyo tunayoiita haiba ya samaki.

Sasa waingie kundini. Mwaka 2017 Jolle Jolles na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha majaribio ya samaki wadogo wa Ulaya wenye miiba mitatu mgongoni. Walimpima kwanza kila mmoja peke yake, waone anapenda kiasi gani kukaa karibu na wenzake. Wale wasiojali sana ukaribu, walipounganishwa na wengine, waliogelea kwa kasi zaidi na kujikuta mbele au pembezoni. Hakuna aliyewachagua. Mwenye kasi hutangulia, na mpenda wenzake humfuata asije akaachwa.

Hata hivyo jasiri mmoja haburuzi kundi zima. Ashley Ward na wenzake, mwaka 2008, waliwatumia samaki wa jamii hiyo hiyo wakiwa na samaki bandia anayevutwa kupita karibu na adui bandia. Bandia mmoja alipopita, kundi kwa kawaida halikumfuata. Walipopita wawili au watatu, likafuata. Mmoja anaweza kukosea. Watatu kukosea pamoja si rahisi.

Jaribio linalonivutia zaidi ni la Iain Couzin na wenzake, la mwaka 2011, kwa samaki wa Marekani anayeuzwa sana kama chambo. Samaki 6 walifundishwa kufuata rangi ya buluu, 5 rangi ya njano. Samaki hawa kwa asili yao huvutwa sana na njano, kwa hiyo wale 5 walishikilia msimamo kwa nguvu na mara nyingi wakawashinda walio wengi. Kisha wakaongezwa samaki wasiofundishwa chochote. Hawa hawakuwa na upande, walifuata jirani tu, na uamuzi ukarudi kwa walio wengi. Wasiojua kitu ndio waliozima ubishi wa wachache.

Haya yanagusa uvuvi moja kwa moja. Peter Biro na John Post walitega nyavu kwenye maziwa ya Kanada yaliyopandikizwa trauti wa aina mbili, mmoja jasiri anayekua haraka, mwingine mwoga anayekua polepole. Jasiri alinaswa kwa kiwango cha mara tatu ya mwoga. Sababu inaeleweka: wavu uliotegwa haumfuati samaki, unamsubiri, na anayezunguka sana ndiye anayeukuta.

Huku kwetu tukizungumzia usimamizi wa uvuvi tunataja inchi za matundu na urefu wa samaki. Ni sawa, lakini hazitoshi. Makila, yaani nyavu za kutega, humnasa anayetembea. Kokoro, wavu wa kuvutwa, humkokota jasiri na mwoga pamoja. Nyavu mbili zinaweza kuleta mwaloni sangara wa urefu ule ule, lakini waliobaki ziwani wasiwe na haiba ile ile. Tupime na hilo, kwa sababu hao waliobaki ndio watakaozaa.