Kufunga mwaka sekondari: alama zikamilike kabla walimu hawajatawanyika

Kwenye ofisi ya taaluma ya shule ya sekondari hapa Tanzania, hakuna mwezi mzito kama Novemba. Kidato cha Pili wako kwenye upimaji wa kitaifa, Kidato cha Nne wanamalizia mtihani wao, Kidato cha Kwanza na cha Tatu wanasubiri mtihani wa kufunga mwaka, na katikati ya yote hayo walimu wanapata barua za kwenda kusimamia mitihani shule nyingine. Desemba ikiingia, baadhi yao wanaondoka tena kwenda kusahihisha. Mwalimu akishapanda basi na alama za Fizikia zimo kwenye daftari lake, kazi yako imesimama.

Ndiyo maana ratiba ya kufunga mwaka naipanga kwa kurudi nyuma, kuanzia siku ya kufunga shule. Siku moja kabla, ripoti ziwe zimeshasainiwa na mkuu wa shule. Siku mbili kabla, zichapwe. Siku ya tatu na ya nne ni za kuhakiki. Siku ya tano kabla ya kufunga ndiyo mwisho wa kupokea alama, na mtihani wenyewe uwe umeisha si chini ya siku nane za kazi kabla ya kufunga. Mwalimu mwenye barua ya usimamizi aache vitu viwili: mtihani wake na mwongozo wa kusahihishia, uwe umeandikwa hadi mgawanyo wa alama kwa kila kipengele. Asipouacha, mwenzake atasahihisha kwa kukisia, na wanafunzi wa mkondo A na B watapimwa kwa mizani mbili tofauti.

Sasa alama zenyewe. Shule nyingi tunatumia Excel, na makosa mengi ninayoyaona hayatokani na uvivu. Yanatokana na kutojua Excel inasomaje tulichoandika. Chukua mwanafunzi wa masomo 8 aliyeugua siku ya Jiografia. Masomo 7 aliyofanya yana jumla ya 406. Kisanduku cha Jiografia kikiwa wazi, wastani wake ni 58. Ukiweka sifuri, unashuka hadi 50.75, na nafasi yake darasani inaporomoka. Sifuri ni ya aliyeketi kwenye mtihani akakosa yote. Asiyefanya aandikiwe herufi, kwa mfano H.

Hapo kwenye H pana mtego. Kwa Excel, herufi siku zote ni kubwa kuliko namba. Kama kanuni yako ya madaraja inaanza kwa kuuliza “je, ni 75 au zaidi?”, basi H itajibiwa ndiyo, na mtoto ambaye hakuwepo atapewa A. Ukikiacha kisanduku wazi, wastani utakiruka lakini kanuni ya madaraja itakisoma kama sifuri, na atapewa F. Kanuni ianze na ISNUMBER, yaani iulize kwanza kama kilichomo ni namba. Kama si namba, iandike H na kuishia hapo.

Mtego wa pili ni desimali. Mwanafunzi ana 33 kwenye jaribio na 26 kwenye mtihani, na wastani ni 29.5. Ukiwa umeficha desimali, skrini inaonyesha 30, lakini kanuni bado inaiona 29.5 na inampa F badala ya D. Mzazi akishika ripoti yenye 30 na F, atakuja kuuliza, na ana haki. Kadirisha alama kwa ROUND kabla ya kutoa daraja. Kukadirisha kwa macho hakutoshi.

Madaraja tuliyozoea ni A kuanzia 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45, D kuanzia 30, na chini yake F. Divisheni inahesabiwa kwa masomo 7 bora tu, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5: pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, 34 na 35 ni sifuri. Mwenye C nne, D tatu na F moja ana pointi 24, yaani divisheni ya tatu. Ukijumlisha masomo yote 8 unapata 29 na unamshusha hadi ya nne. Nimeona kosa hili kwenye majedwali yaliyopendeza sana kwa macho.

Uhakiki ufanywe na watu wawili, mmoja akisoma kwa sauti kutoka kwenye karatasi ya mwalimu wa somo na mwingine akifuata kwenye skrini. Mtu mmoja akilinganisha peke yake, jicho linaona linachotegemea kuona. Kisha chukua karatasi 10 za majibu kila mkondo bila kuchagua, uifuate kila moja hadi kwenye ripoti. Kosa la kawaida ni mstari kuhama: mwanafunzi aliyehamia Julai yumo kwenye orodha ya mwalimu wa somo lakini hayumo kwenye orodha ya kompyuta, basi kuanzia hapo kila mtoto anabeba alama za jirani yake. Mistari ya mwanzo itaonekana sawa kabisa, kwa hiyo anza kukagua jina la mwisho na la katikati.

Maoni kwenye ripoti yanastahili muda kuliko tunavyoyapa. “Ongeza bidii” haimwambii mzazi kitu. “Hesabu ameanguka kwenye aljebra, arudie mazoezi ya milinganyo likizo hii” inampa kazi ya kufanya Desemba. Mwalimu wa somo akikupa sentensi kama hiyo kwa wanafunzi watano tu wenye shida kubwa, tayari amesaidia. Na tafadhali tusirushe jedwali zima lenye majina kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na hata isingekuwepo, mtoto wa mwisho darasani hastahili kutangazwa mtaa mzima.

Vitabu vikusanywe kabla ya ripoti kutolewa. Kila kitabu kiwe na namba ya shule, na kipokelewe kwa namba hiyo. Ukihesabu idadi peke yake, utapokea vitabu 40 vya Biolojia ambavyo kumi kati yake ni vya mkondo mwingine, na mwenye kupoteza hatajulikana. Kwa Kidato cha Nne usisubiri mtihani uishe, kwa sababu baada ya karatasi ya mwisho hawarudi. Wala usiwanyang’anye mapema, wanavihitaji kusoma. Pokea somo kwa somo, siku ileile wanapomaliza karatasi ya somo hilo. Kwenye stoo, vitabu vya mtaala wa 2023 vitenganishwe na vya zamani na rafu ziandikwe. Weka vitabu juu ya mbao, mbali na ukuta, maana sehemu nyingi Desemba ni mvua, na mchwa hupanda kwa kufuata ukuta.

Maabara ikaguliwe na mwalimu wa Kemia mwenyewe. Bureti (mrija wa kupimia myeyusho) iliyobaki na hidroksidi ya sodiamu, koki yake ya kioo itagandana likizo nzima na Januari itavunjika mkononi. Ioshwe kwa maji, ipinduliwe, koki ikiwa wazi. Chupa ya hidroksidi hiyo ifungwe kwa kizibo cha mpira, si cha kioo. Asidi kali zikae rafu ya chini, mbali na amonia. Myeyusho usio na lebo usimwagwe wala kunuswa. Uandikwe “haijulikani” na ufungiwe peke yake.

Rejista za mahudhurio zifungwe kwa kujumlisha: siku alizohudhuria na alizokosa zilingane na siku za masomo zilizofanyika. Zisipolingana kuna siku haikuitwa. Aliyeondoka aandikiwe sababu yake halisi, uhamisho au utoro au ugonjwa. Msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito asiandikwe amefukuzwa. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unaruhusu arudi, na rejista iliyoandikwa vibaya ndiyo itakayomkwamisha getini. Familia yake ielezwe hilo mapema, kabla ya shule kufungwa.

Makabidhiano nayataka kwa maandishi, nakala mbili: funguo kwa namba za milango, nywila ya kompyuta ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa kwa mkuu wa shule, na faili la alama kwenye diski mweko (flash) mbili zinazokaa ofisi tofauti. Karatasi za majibu za Kidato cha Kwanza na cha Tatu zifungwe kwa mkondo na zitunzwe hadi shule ifunguliwe, kwa sababu rufaa za wazazi huanza wiki ya kwanza ya Januari.