Jostiki "kuvuta": maana yake na mahali pa kuanzia kuitafuta hitilafu

Anayerusha ndege kwenye kompyuta akisema jostiki yake, yaani mpini wa mezani wa kuiongozea ndege, "inavuta", neno hilo amelikopa kwa madereva. Gari linalovuta kushoto huanza kuacha njia mara dereva anapolegeza mikono kwenye usukani, na jostiki inayovuta ni ile ambayo kompyuta huiona imeinamishwa au imesokotwa ilhali hakuna mkono ulioigusa. Maana ya neno inaishia hapo, lakini kazi ya fundi ndiyo kwanza inaanza, kwa kuwa hitilafu zisizo na undugu wowote hujitokeza kwa dalili hiyo hiyo moja, na dawa ya mojawapo huweza kuificha nyingine kwa miezi.

Ili kuzitenganisha, yafaa kukumbuka kwamba jostiki haipeleki mwendo kwenye ndege, inapeleka nambari. Kila mhimili una kipimo chake: mmoja wa kuilaza ndege kushoto na kulia, mmoja wa kuinua na kushusha pua, na katika jostiki nyingi za mezani upo wa tatu, wa kuusokota mpini ili kugeuza usukani wa mkia, pamoja na kijiti kidogo cha kuongeza na kupunguza nguvu ya injini. Kipimo hutoa volti, na chipu iliyomo ndani ya kitako huigeuza volti hiyo kuwa nambari. Chipu ya biti 8 ina ngazi 256, ya biti 10 ina 1,024, na ya biti 12 ina 4,096. Kwa chipu ya biti 10, mpini ulioachwa usimame wenyewe unapaswa kutoa nambari iliyo karibu na 512. Programu ya ndege haijui lolote kuhusu mkono wako. Inaijua nambari inayoipokea, na inaijua nambari iliyoambiwa kuwa ndiyo ya katikati. Tofauti kati ya hizo mbili, mpini ukiwa umeachwa, ndiyo kuvuta.

Kwa maana hiyo, ndege kwenda upande si ushahidi kwamba jostiki inavuta. Nimeona watu wakifungua jostiki nzima kwa bisibisi kwa sababu ndege yao ndogo ya Cessna 172 iliacha mstari wa katikati wa njia ya kurukia kila walipotia nguvu zote, na kila mara iliacha upande wa kushoto. Hiyo si hitilafu; ni programu iliyoandikwa vizuri. Propela ya ndege hiyo, ikitazamwa kutoka kiti cha rubani, huzunguka kuelekea kulia kama mishale ya saa. Injini inapoizungusha propela upande huo, mwili wa ndege hujibu kwa kutaka kuzunguka upande wa pili, hivyo gurudumu la kushoto hukandamizwa zaidi. Upepo unaorushwa nyuma na propela hujizungusha kama kamba kwenye mwili wa ndege na kuupiga mkia upande wake wa kushoto. Pua ikiwa imeinuliwa, panga la propela linaloshuka upande wa kulia hukata hewa kwa pembe kubwa kuliko lile linalopanda upande wa kushoto, na msukumo wa kulia huwa mkubwa zaidi. Yote hayo huigeuza pua kushoto, na rubani wa kweli huyajibu kwa kukanyaga pedali ya kulia. Mwenye jostiki ausokote mpini kulia kidogo, kisha aurudishe polepole kadiri mwendo unavyoongezeka. Upepo wa ubavuni nao huigeuza pua kuelekea unakotoka, na trimu, yaani kirekebishi kinachoishikilia pua mahali bila mkono, iliyosahauliwa kutoka safari iliyopita huishusha au kuiinua pua bila mkono kuhusika.

Kuna chanzo kingine kisicho cha chuma wala waya, nacho hupoteza muda mwingi kwa sababu hakionekani: mhimili mmoja kuwa na mabwana wawili. Programu nyingi za ndege, ukichomeka kidhibiti kingine cha michezo, pedali au usukani wa magari, hukipangia mihimili bila kukuuliza. Kidhibiti kilichoachwa kimelala juu ya kochi kinaweza kuwa ndicho kinachousukuma usukani wa mkia, huku jostiki iliyo mezani ikilaumiwa. Chomoa kila kitu kisichohitajika, fungua ukurasa wa vidhibiti, uhakikishe kila kazi ina mhimili mmoja tu.

Yakishaondolewa hayo, ziangalie nambari zenyewe nje ya programu ya ndege. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, kisha ufungue sifa za jostiki yako. Utaona msalaba mdogo unaofuata mpini na mistari inayopanda na kushuka kwa mihimili mingine. Kwenye Linux, amri jstest hutoa nambari kamili, kuanzia −32,767 hadi 32,767, na sifuri ikiwa katikati. Ondoa mkono, subiri, utazame. Kisha upeleke kila mhimili kutoka ncha moja hadi nyingine polepole mno, kwa mwendo wa mtu anayetafuta stesheni ya redio usiku. Haraka huficha ugonjwa.

Mfano wa redio sikuuleta kwa mapambo. Jostiki nyingi za bei ya kawaida hupima angalau baadhi ya mihimili yake kwa potensiometa, kifaa kile kile kilicho nyuma ya kitufe cha sauti cha redio ya zamani. Ndani yake mna utepe wa kaboni wenye umbo la kwato ya farasi, na ulimi mdogo wa chuma unaoteleza juu yake. Ulimi ukisogea, volti hubadilika. Kila aliyekulia kwenye nyumba yenye redio kuukuu anaijua sauti ya kitufe kilichochoka, ile ya kukwaruza unapokizungusha, na mahali pale pamoja ambapo sauti hukatika kisha hurudi kwa kishindo. Vumbi, ungaunga wa kaboni iliyosagika, na kwa wakaao pwani hewa yenye unyevu na chumvi, huingia kati ya ulimi na utepe, na mguso hukatika. Redio hukwaruza. Jostiki haina sauti, hivyo mkwaruzo wake hutoka kama nambari zinazoruka.

Jostiki yangu, niliyoinunua mtumba, ilikuwa na ugonjwa huo kwenye mhimili wa kusokota. Ikiachwa ilisoma 511, 512, 511 kwa ngazi za chipu ya biti 10, na hapo haikuwa na kosa, maana kucheza kwa ngazi moja au mbili ni kawaida. Nilipousokota mpini kulia kidogo, nambari zilipanda 518, 524, zikaruka hadi 703, zikarudi 529, kisha zikaendelea kupanda kwa utulivu. Nikirudisha, ziliruka tena mahali pale pale. Angani hali hiyo haikuonekana kama kuruka. Ilionekana kama ndege iliyopigwa teke la mkia kila nilipotaka kurekebisha pua wakati wa kutua, yaani wakati ule ule ambao mtu husokota kidogo tu. Ukifikiri, ni lazima iwe hivyo: sehemu ya utepe inayosuguliwa kuliko zote ni ya katikati, kwa hiyo ndiyo inayolika kwanza, na ndiyo tunayoihitaji zaidi.

Namna nambari zinavyokosea husema mengi kuhusu mahali pa kufungua. Zikiruka mahali pamoja kila mara, utepe una uchafu au umelika. Zikiwa tulivu kabisa lakini zimetulia mahali pasipo pake, kwa mfano 540 badala ya 512, kipimo ni kizima. Springi ndiyo iliyolegea na hairudishi mpini katikati, au kalibresheni, yaani lile kompyuta ililofundishwa kuhusu katikati na ncha, imepotoka. Zikicheza unapotikisa waya wa USB, na mihimili yote ikicheza pamoja, acha kuushuku mhimili mmoja mmoja na ubadilishe tundu la USB, ukilikwepa lile la kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake. Jostiki ikipotea kabisa baada ya dakika kadhaa za kutoguswa na kurudi ikichomolewa, tazama mipangilio ya Windows ya kubana matumizi ya umeme, ambayo huruhusiwa kuzizima tundu za USB zilizo kimya.

Iliyobaki ni nambari iliyoganda kwenye ncha, na hii huwatisha watu bure. Potensiometa ina nyaya tatu: chanya upande mmoja wa utepe, hasi upande wa pili, na waya wa ulimi katikati. Waya wa hasi ukikatika, utepe wote hubaki na volti ya juu, na nambari hukwama kileleni hata ukiusokota mpini vipi. Wa chanya ukikatika, nambari hukwama sifuri. Wa ulimi ukikatika, chipu hubaki inasoma hewa, na nambari hutangatanga, mara nyingine ikiiga mhimili wa jirani. Kwenye mpini wa kusokota nyaya hizo hupita shingoni na kujipinda kila unapogeuza mkono, hivyo hukatika ndani ya ganda la plastiki, mahali ambapo jicho huona waya mzima. Vuta kila mmoja taratibu. Uliokatika ndani hurefuka kama mpira. Kuulehemu upya ni kazi ya dakika chache kwa fundi redio yeyote, ilimradi auachie urefu wa kutosha wa kujipinda.

Kuhusu kusafisha sina mengi. Chomoa jostiki, fungua skrubu za chini ukiwa umepiga picha ya kila hatua, maana springi hupenda kuruka na kupotea. Dawa ya kusafishia mguso wa umeme, ile ya kopo inayokauka bila kuacha mafuta, ipuliziwe kidogo ndani ya potensiometa, kisha mhimili uzungushwe ncha hadi ncha mara thelathini au zaidi ili ulimi ujisugulie njia. Spiriti ya isopropili iliyo kali nayo hufaa. Mafuta ya kulainishia bawaba za mlango hayafai: husaidia kwa siku mbili, kisha hukusanya vumbi, na baadhi yake hudhoofisha plastiki. Utepe uliokwisha kulika haurudishwi na dawa yoyote. Hapo potensiometa hubadilishwa kwa nyingine yenye ukinzani ule ule, ambao kwa kawaida umeandikwa kwenye mgongo wake.

Wengi hawafiki huko, kwa sababu programu huwapa njia ya mkato iitwayo eneo mfu. Hili ni eneo la kuzunguka katikati ambalo programu huagizwa kulipuuza: nambari ikiwa ndani yake, ihesabiwe kuwa mpini umesimama wima. Microsoft Flight Simulator na X-Plane zote zina mahali pa kulipanua. Kwa jostiki ya biti 10, eneo mfu la asilimia 5 humeza takriban ngazi 26 kila upande wa katikati, na kweli jostiki iliyokuwa ikisoma 530 huacha kuvuta papo hapo. Lakini hapo hakuna kilichotengenezwa. Unapotua, marekebisho karibu yote ni madogo na huangukia ndani ya eneo hilo: unasukuma, ndege haijibu, unaongeza, unavuka ukingo, ndege inajibu kuliko ulivyotaka, unarudisha, na pua inaanza kupanda na kushuka kama ngalawa kwenye mawimbi. Kwa helikopta ni balaa zaidi. Mimi huliweka asilimia 1 au 2 kwa jostiki isiyo na hitilafu, ili lizime ule uchezaji wa ngazi moja mbili, na nikijikuta nahitaji zaidi ya hapo najua bisibisi inaniita. Mkwaruzo kama ule wa 703 haulijali eneo mfu hata chembe, kwa kuwa huruka na kulipita.

Jostiki zisizo na potensiometa zipo, na bei yake hupanda. Hutumia athari aliyoigundua mwanafizikia Edwin Hall huko Baltimore, Marekani, mwaka 1879: sumaku ikisogezwa karibu na kipande kinachopitisha umeme, volti ndogo hujitokeza ubavuni mwake. Sumaku hufungwa kwenye mpini, kipimo kwenye kitako, na baina yao hakuna kinachosuguana, kwa hiyo hakuna cha kulika. Jostiki ya HOTAS Warthog ya kampuni ya Thrustmaster ni ya aina hiyo. Hata hivyo springi yake hulegea kama springi nyingine, na sumaku iliyolegea kwenye gundi yake itavuta bila aibu, kwa hiyo ukinunua ya aina hii umeepuka mkwaruzo tu.

Kalibresheni, yaani kuifundisha kompyuta katikati ni wapi na ncha ni zipi, ni desturi ya tangu enzi za IBM, iliyotoa kadi yake ya jostiki mwaka 1981. Kadi hiyo haikupima volti bali muda uliotumika kujaza kapasita, kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji ya umeme, kupitia potensiometa, na kwa kuwa kila programu iliuhesabu muda huo kwa kasi ya kompyuta yake, katikati ya kompyuta moja haikuwa katikati ya nyingine. USB iliondoa tatizo hilo, lakini Windows bado huhifadhi kalibresheni uliyoifanya na kuitumia kimya kimya kila unapochomeka. Hapo ndipo wengi hukwama baada ya ukarabati: waliifundisha kompyuta kwamba katikati ni 540, wakabadilisha springi, mpini ukarudi 512, na sasa ndege inalalia upande wa pili. Rudi joy.cpl, bonyeza kitufe cha kurejesha mipangilio ya mwanzo, chomoa jostiki, kisha uichomeke tena ukiwa umeweka mikono magotini, maana baadhi ya jostiki husoma katikati yao sekunde ile ile zinapopata umeme.