Jaribio ni nini katika somo la sayansi shule ya msingi?

Jaribio ni kazi inayofanywa kwa mpango ili kupata jibu la swali ambalo wanafunzi bado hawajalijua. Mwalimu akiwasha mshumaa, akaufunika kwa glasi, kisha akawaeleza watoto kwa nini umezimika, hilo ni onesho. Onesho lina faida yake, lakini mtoto hajajaribu kitu hapo, ametazama tu.

Chukua kuota kwa mbegu, kazi isiyohitaji maabara. Tafuta makopo manne, pamba na maharage, matano kila kopo, maana harage moja likiwa limebunguliwa utadanganyika. Kopo la kwanza lina pamba yenye unyevu, liko dirishani. La pili pamba yake ni kavu. La tatu lina unyevu, ila limefungiwa kabatini gizani. La nne limejazwa maji yaliyochemshwa yakapoa, juu yake mafuta ya kula, ili hewa isiingie. Kila kopo limetofautiana na la kwanza kwa jambo moja tu, na hapo ndipo penye jaribio lenyewe. Ukilinyima kopo maji na papo hapo ukaliweka gizani, mbegu zisipoota utalaumu nini, ukavu au giza?

Kabla ya kusubiri, kila mtoto abashiri na kuandika. Wengi husema la kabatini halitaota, kwa sababu wamezoea kusikia kwamba mmea unahitaji mwanga. Siku ya tano au ya sita kabati linafunguliwa: maharage yameota! Vishina ni virefu na vyembamba kuliko vya dirishani, na vijani ni vya manjano. Hapo darasa zima linataka kusogea mbele, na mwalimu asiwazuie. Harage limebeba chakula chake katika vipande viwili vinene vilivyo ndani ya ganda lake, kwa hiyo ili liote linahitaji maji, hewa na joto la kutosha. Mwanga unahitajika baadaye, majani yanapoanza kutengeneza chakula. Mtoto aliyeshika mche ule wa manjano mkononi hahitaji kukaririshwa tofauti ya kuota na kukua.

Darasa la watoto themanini linaweza kugawana makopo kwa madawati. Kinachoniumiza ni tabia ya kuwaamuru wafute ubashiri uliokosea na kunakili jibu la ubaoni. Kwa kufuta vile tunamfundisha mtoto kuogopa kukosea, wakati jaribio linaanzia kwenye kutojua. Na ikitokea harage limeota kwenye kopo kavu, msilitupe. Iguseni pamba, muulizane nani alimwagia maji, kisha mrudie kopo lile upya. Ubashiri wa kwanza ubaki daftarini, na matokeo yaandikwe chini yake.