Ubunifu hauna umri

Wengi husema ubunifu ni wa ujana; ukizeeka unabaki kurudia yale yale. Si kweli. Henri Matisse, mchoraji wa Ufaransa, alifanyiwa upasuaji mkubwa mwaka 1941 akiwa na miaka 71. Kusimama mbele ya turubai kukawa shida, akashika mkasi. Wasaidizi walipaka karatasi rangi, yeye akakata maumbo akiwa ameketi, yakabanwa ukutani kwa pini na kuhamishwahamishwa hadi aridhike. Kwa mbinu hiyo alibuni madirisha ya vioo vya rangi ya kanisa dogo la Vence, mji wa kusini mwa Ufaransa, lililowekwa wakfu 1951. Sanaa hiyo ya vioo, ya karne nyingi, aliijaza majani ya manjano, kijani na buluu, bila sura ya mtakatifu hata mmoja. Na mkono huo ulioshika mkasi (wanaomsifu hulisahau hili) ulikuwa na uzoefu wa miaka hamsini.